Pesa ya Serikali Kwenye Nyumba ya Kwanza: Ipi Inarudi, Ipi Hairudi

Shikamooni wazee wetu, na wengine wote habari za mchana. Wengi mliniambia mlikosa mazungumzo yetu ya Jumamosi, kuhusu msaada wa serikali kwa anayenunua nyumba ya kwanza hapa Marekani, kwa sababu ya zamu za wikendi, kwaiyo yale niliyosema pale ukumbini nimeyaandika hapa karibu vilevile, nimeongeza tu mawili matatu yaliyotokana na maswali.

Kwanza tukubaliane lugha maana tukichanganya hapa tutapotea wote. Kiswahili chetu kinaita kodi ile ya serikali na kodi ile ya kupanga nyumba, neno moja. Leo nikisema kodi namaanisha ya serikali, ile tunayojaza fomu kila mwaka kabla ya tarehe 15 Aprili. Ya mwenye nyumba nitaita renti. Alafu kuna krediti mbili pia. Kuna krediti skoa, zile namba zako za uaminifu kwenye madeni, na kuna krediti ya kodi, ambayo ni pesa inayokatwa kwenye kodi yako yenyewe. Ukiwa unadaiwa kodi dola 3,000 na una krediti ya dola 1,000, unabaki kudaiwa 2,000. Hii siyo sawa na punguzo la mapato. Punguzo linakatwa kwenye mshahara kabla kodi haijapigwa, kwaiyo mtu aliye kwenye kiwango cha asilimia 12, punguzo la dola 1,000 linamwokolea dola 120 tu. Watu wengi wanauziwa nyumba kwa maneno ya "utarudishiwa kwenye kodi" bila kuambiwa ni ipi kati ya hizi mbili.

Sasa niwaambie kwa nini hili jambo linaniuma.

Mimi na mke wangu tulifanya klozingi ya nyumba yetu, yaani kusaini karatasi za mwisho za kuinunua, Novemba 2008. Nyumba ya dola 112,000, mkopo wa FHA, ule wenye bima ya serikali, wakati ule ulikuwa unatoa mfukoni mwako asilimia 3 tu ya bei kama pesa ya mwanzo, tukatoa 3,360 na gharama za klozingi juu yake. Miezi michache kabla, Julai 2008, Rais Bush alikuwa amesaini sheria ya nyumba iliyoleta krediti kwa wanaonunua nyumba ya kwanza, asilimia 10 ya bei ya nyumba lakini isizidi dola 7,500. Februari tukaenda kwa mtu wa kutufanyia kodi, akapiga kompyuta yake, akatugeuzia skrini akasema hongereni, mna 7,500 inakuja. Mke wangu alilia pale kwenye kiti. Fanesi ya ile nyumba, ile mashine ya kupasha joto, ilikuwa imekufa Januari, tulikuwa tunalala na watoto wote chumba kimoja na hita ya umeme, kwaiyo ile pesa ilivoingia tukaweka fanesi mpya, tukaziba paa upande wa jikoni, iliyobaki tukalipa deni la kadi. Tukamshukuru Mungu.

Mwaka 2011 tunafanya kodi ya mwaka 2010, mtu mwingine kabisa anatufanyia, anauliza, mlinunua nyumba 2008? Ndio. Mlichukua ile krediti? Ndio. Akasema basi kuna dola 500 hapa, na mwaka ujao 500 tena, na kuendelea, miaka 15. Nikamwambia hapana, ile ilikuwa zawadi ya serikali. Akanitolea fomu, namba 5405, akanionyesha kwa kidole. Haikuwa zawadi. Krediti ya 2008 ilikuwa mkopo usio na riba uliopewa jina la krediti. Sheria ilisema hivo tangu siku ya kwanza, ila yule aliyetufanyia hakutuambia, na sisi hatukuuliza kwa sababu nani anauliza swali mbele ya 7,500?

Na sasa sikilizeni hapa. Mwenzangu wa kazini tuliyekuwa tunapakia mizigo naye zamu moja, yeye klozingi yake iliahirishwa na benki mara mbili mpaka ikaangukia Januari 2009, alikuwa amekasirika sana. Tarehe 17 Februari 2009 Rais Obama akasaini sheria mpya ya kuinua uchumi na ikasema nyumba zilizonunuliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2009 krediti ni mpaka dola 8,000 na hairudi, sharti ukae ndani ya nyumba miezi 36. Wiki chache tu katikati yetu, mimi nimelipa 7,500 yote na yeye amekaa miaka yake mitatu na mambo yakaisha. Sisemi hivi kwa wivu, nafurahi kwa ajili yake mpaka leo. Nasema ili mwelewe kwamba jina la msaada halikuambii chochote, zote mbili ziliitwa krediti ya mnunuzi wa kwanza, jina lilelile na fomu ileile.

Na haikuwa zile 500 tu. Mwaka 2013 nilipata kazi nzuri jimbo lingine, tukafikiria tupangishe ile nyumba tuhame. Nikapiga simu kuuliza. Nikaambiwa ukiacha kuishi humo kama nyumba yako kuu, deni lote lililobaki linadaiwa kwenye kodi ya mwaka huohuo. Tulikuwa tumelipa 1,500, yaani tungetoa 6,000 kwa mpigo. Hatukuwa nazo. Kazi nikaiacha. Ile ya mwisho nimelipa mwaka jana tu, 2025, kwenye kodi ya mwaka 2024.

Kwaiyo nikikutana na mtu ananiambia "kaka nimepata msaada wa serikali wa kununua nyumba" swali langu la kwanza ni, inarudi? Na kama inarudi, ni lini, na ni kitu gani kitaifanya irudi mapema? Basi. Mengine yote niliyosema Jumamosi yanazunguka hapo.

Tuanze na hili la krediti kwa sababu simu zenu zimejaa video zake. Leo hakuna krediti ya serikali kuu ya kununua nyumba ya kwanza kama ile ya 2008 na 2009. Ilikwisha 2010, mikataba ilitakiwa iwe imesainiwa kufikia tarehe 30 Aprili mwaka ule. Baada ya hapo kuna miswada imepelekwa Kongresi, kuna ule wa 2021 uliosema krediti ya mpaka 15,000, kuna mwingine wa msaada wa 25,000 kwa ajili ya pesa ya mwanzo, hakuna uliopita. Mswada siyo sheria. Yule anayekutumia ujumbe kwamba umeshakubaliwa grant, yaani pesa ya bure, ya 25,000 lipa tu dola 300 ya kufungua faili, huyo ni mwizi, na nasikitika kusema kuna watu wazima wenye akili zao humu ndani wameshalipa, nimewaona na risiti mkononi.

Krediti ya kodi ambayo ipo kweli ni ya aina nyingine, inaitwa cheti cha krediti ya mogeji, yaani ya mkopo wa nyumba. Hii haitolewi na IRS, ofisi ya kodi ya serikali kuu, inatolewa na mamlaka ya nyumba ya jimbo au ya kaunti, na siyo kila jimbo linatoa, mengine yamesimamisha, lazima uulize la kwako. Inafanya kazi hivi: ile riba unayolipa benki kwa mwaka, asilimia fulani inageuka kuwa krediti ya kodi, kila mwaka, muda wote unaoishi humo na mkopo uleule. Tuseme mwaka huu umelipa riba ya dola 14,000 na cheti chako ni cha asilimia 20, una krediti ya 2,800. Kila mwaka! Riba inapungua polepole na krediti inapungua nayo lakini miaka ya mwanzo ndio unabanwa zaidi na ndio inakusaidia zaidi. Angalieni pia kitu ambacho kinachanganya watu: kama cheti kinazidi asilimia 20, sheria inaweka kikomo cha dola 2,000 kwa mwaka. Kwaiyo mwenye cheti cha asilimia 25 kwa riba ileile ya 14,000 hapati 3,500, anapata 2,000, na mwenye cheti cha asilimia 20 anamzidi.

Cheti hiki kinaombwa kabla ya klozingi, kupitia kwa mkopeshaji aliyeidhinishwa, ukishasaini bila hicho cheti mlango umefungwa. Kuna dada mmoja alinipigia Jumatano jioni, anasaini Ijumaa asubuhi, ameona mahali kuhusu cheti anauliza ataombaje. Nilinyamaza kwenye simu sikujua nimwambieje. Mkopeshaji wake alikuwa hata hayumo kwenye orodha. Mkopeshaji hana sababu ya kukutajia kitu kinachomuongezea karatasi, wewe ndiye wa kuuliza na uulize siku ya kwanza kabisa, kabla hujampa hata pesilipu.

Na ni krediti inayokata kodi unayodaiwa tu, haizidi hapo. Kama kodi yako ya serikali kuu baada ya watoto na mengine imebaki dola 900, mwaka huo inakufaa 900, inayobaki unaweza kuibeba miaka mitatu mbele. Familia zetu zenye watoto watano sita wengi kodi yao tayari ni ndogo sana, kwa hao cheti kinaweza kisiwe na faida kubwa na kina ada ya kukipata, pigiwa hesabu kwanza. Lakini kijana asiye na mtoto, nesi, dereva, anayelipa kodi nzito kila mwaka, huyo namwambia akitafute.

Inarudi au hairudi? Kwa kawaida hairudi. Ila ukiuza nyumba ndani ya miaka 9, na umeuza kwa faida, na mapato yako yamepanda kuvuka kiwango, hayo matatu yote kwa pamoja, serikali inaweza kudai sehemu, na haiwezi kuzidi nusu ya faida uliyopata. Wengi haiwafikii. Ila ijue ipo.

Lile punguzo la riba ya mogeji mnalosikia kwa maajenti, sikatai lipo, ila kwa mwaka 2025 mume na mke wanaojaza pamoja wanapewa punguzo la kawaida la dola 31,500 bila kuulizwa chochote. Ili riba ya nyumba ikusaidie lazima riba na kodi za jimbo na sadaka na vingine vyote vizidi hiyo 31,500. Nyumba ya kwanza ya bei ya kawaida mara nyingi haifiki. Kwaiyo usinunue nyumba ukitegemea hilo.

Sasa mikopo. FHA ipo tangu 1934 na watu wanadhani ni benki ya serikali. Siyo benki. Hela ni ya mkopeshaji, FHA ni bima, inamwambia mkopeshaji huyu mtu akishindwa mimi nitakufidia, ndio maana mkopeshaji anakubali mtu mwenye skoa ya 580 na pesa ya mwanzo asilimia 3.5. Ukiwa chini ya 580 mpaka 500 utatakiwa asilimia 10, na wakopeshaji wengi wana viwango vyao vya juu zaidi hawakubali kushuka huko. Bima ile unalipa wewe. Chukua nyumba ya 250,000, unatoa 8,750, mkopo unabaki 241,250. Siku ya kwanza wanaongeza asilimia 1.75, kama dola 4,222, mara nyingi inaingizwa ndani ya mkopo wenyewe. Alafu kila mwaka asilimia 0.55, ambayo ni kama dola 110 kila mwezi. Na kama ulitoa chini ya asilimia 10 mwanzoni hiyo 110 haiondoki mpaka mkopo uishe, uuze, au urefinansi, yaani uchukue mkopo mpya kulipa ule wa zamani. Haiondoki hata ukiwa mlipaji mzuri namna gani.

Linganisha na mkopo wa kawaida wa asilimia 3 ya mwanzo, zile programu za Fannie Mae na Freddie Mac, kampuni zinazonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, za wenye kipato cha kawaida, skoa inatakiwa iwe juu kidogo, na bima ipo pia, lakini kwa sheria ya 1998 ukifika deni asilimia 80 ya bei ya nyumba unaandika barua iondolewe, na ikifika asilimia 78 wanaiondoa wenyewe kama hujachelewa malipo. Kwaiyo mtu mwenye skoa ya 720 akipelekwa moja kwa moja FHA kwa sababu "nyie wageni mnachukua FHA" inabidi aulize kwa nini. Nimeona hilo mara nyingi na linanikera.

Na hapa kuna badiliko kubwa ambalo lazima mlisikie. Tangu tarehe 25 Mei 2025 FHA haitoi tena bima kwa mtu ambaye hana ukaazi wa kudumu, yaani uwe raia au uwe na grini kadi, wachache sana wako nje ya sheria hiyo na sisi hatumo. Kibali cha kazi peke yake hakitoshi tena. Ndugu zangu ambao kesi zenu bado zinaendelea, msimlipe mtu anayewaahidi FHA. Kuna mashirika ya akiba na mikopo yanayokopesha kwa namba ya ITIN, ile namba ya kodi ya wasio na Social Security, hiyo ni njia halali ila pesa ya mwanzo ni kubwa zaidi na riba iko juu, ni kuamua kama utasubiri karatasi au utaenda na hiyo.

Walio na vijana jeshini au waliotumikia, mkopo wa VA, idara ya wanajeshi wa zamani, hauna pesa ya mwanzo na hauna bima ya kila mwezi, una ada moja ya mwanzo, hakuna mkopo unaoushinda, na vijana wetu wengi wanaoingia jeshini hawajui kwamba wanao. Waambieni.

Mkopo wa vijijini wa USDA, wizara ya kilimo, tunaudharau kwa sababu ya hilo neno vijijini, mtu anafikiria ng'ombe. Fungueni ramani yao muangalie, miji midogo mingi dakika 25 kutoka kiwandani mnapofanya kazi imo. Pesa ya mwanzo sifuri. Kuna wa dhamana, ambao mkopeshaji anatoa hela na USDA inamdhamini, mapato ya nyumba nzima yasizidi asilimia 115 ya mapato ya kati ya eneo, ada ya mwanzo asilimia 1 na ya kila mwaka 0.35, ambayo ni nafuu kuliko FHA. Na kuna ule wa moja kwa moja kutoka USDA wenyewe, kwa wenye kipato cha chini, wanaweza kukulipia sehemu ya riba mpaka ikawa kama unalipa asilimia 1. Huo ndio niliouwekea alama nyekundu. Ule ruzuku wa riba siyo bure. Ukiuza au ukihama wanaweza kudai sehemu yake irudi. Ni mkopo mzuri sana, namjua mama mmoja analea wajukuu na anaishi kwenye nyumba yenye bustani kwa sababu ya huo, ila anajua, amewaambia watoto wake, hiyo nyumba siku ikiuzwa kuna hesabu na serikali.

Tunakuja kwenye msaada wa pesa ya mwanzo, hapa ndio watu wengi wanaumia. Majimbo, kaunti, miji, wengi wana msaada. Wa 5,000, wa 10,000, zaidi ya hapo. Siku ya klozingi utasaini karatasi nyingi mpaka mkono uchoke na katikati yake kuna mkataba wa pili wa mogeji, mwembamba, kurasa chache, na huo ndio "msaada" wako. Kuna unaosamehewa kidogo kidogo, kwa mfano moja ya tano kila mwaka kwa miaka mitano, ukihama mwaka wa tatu unarudisha iliyobaki. Kuna usiosamehewa kabisa, umelala tu hauna riba hauna malipo, unakusubiri uuze au urefinansi. Familia moja hapa walikuwa na wa namna hiyo, 12,000, walinunua 2018. Riba ikashuka mpaka chini ya asilimia 3 mwaka 2021, kila mtu anarefinansi, na wao wakaomba, wakakubaliwa, mahesabu yakatoka wataokoa karibu dola 200 kila mwezi, alafu siku chache kabla ya kusaini wakaambiwa ile 12,000 inatakiwa sasa. Hawakuwa nayo. Wakabaki na riba yao ya zamani. Baba wa ile familia alinionyesha mkataba wao, sentensi ilikuwepo ukurasa wa pili, na sahihi yake iko chini yake.

Simaanishi msiuchukue. Chukueni! Bila msaada kama huo wengi wetu tungepanga mpaka uzeeni. Ila ukae na mtu akusomee hiyo karatasi ya pili kabla, siyo siku ya klozingi. Kuna washauri wa nyumba walioidhinishwa na HUD, wizara ya nyumba, ni bure au bei ndogo, na ukisema unataka mkalimani wa Kiswahili ofisi nyingi zitamtafuta hata kwa simu. Siku tatu za kazi kabla ya klozingi sheria inamtaka mkopeshaji akupe karatasi ya mwisho ya mahesabu yote. Zitumieni hizo siku tatu, msizifanye za kununua sofa.

Na mnunuzi wa kwanza siyo lazima uwe hujawahi kuwa na nyumba maishani. Kwa programu nyingi za serikali ni mtu ambaye hajamiliki nyumba ya kuishi kwa miaka mitatu iliyopita. Dada uliyeachana na mumeo na nyumba ikabaki kwake, usijitoe mwenyewe kabla hujauliza, kuna vifungu vya watu kama wewe.

Mchezo. Sisi tunacheza mchezo, upatu, kila mtu anauita kivyake, na ndio benki yetu ya kweli. Mwezi wako ukifika unaingiza 6,000 taslimu kwenye akaunti, wiki mbili baadaye unaomba mogeji. Mkopeshaji anaangalia taarifa za benki za miezi miwili anaona 6,000 imetoka hewani. Atauliza imetoka wapi, na "kwenye mchezo" siyo jibu analoweza kuandika. Nimeona mkopo umekwama hapo wiki tatu, mwenye nyumba akauzia mtu mwingine. Dawa ni kupanga, zamu yako ya mchezo iwe mapema, pesa ikae benki ipitishe taarifa mbili nzima kabla hujaomba. Kama ni ndugu amekupa, iwe zawadi yenye barua iliyosainiwa kwamba hairudishwi, na iwe kweli hairudishwi.

Na ndugu zangu madereva wa malori, na wenye biashara zenu za kusafisha na kusuka nywele. Mnaingiza 150,000 kwa mwaka, Aprili inafika mnaandika matumizi mpaka faida inabaki 24,000 ili kodi iwe ndogo. Mkopeshaji haangalii 150,000. Anaangalia faida ya miaka miwili anagawanya kwa miezi 24. Kwa 24,000 kwa mwaka, huo ni mshahara wa dola 2,000 kwa mwezi, na nyumba ya kwenye hesabu hiyo haipo. Matumizi ya kweli andikeni yote ni haki yenu, lakini yale ya kubuni pamoja na kuwa ni kosa yanawala nyinyi wenyewe. Anayetaka nyumba 2028 kodi ya 2026 na 2027 ndio ombi lake la mkopo, anaanza kuliandika sasa.

Waislamu wameniuliza kuhusu riba, nimewajibu nilichonacho: kuna kampuni hapa zinazofanya murabaha, yaani kampuni inanunua nyumba inakuuzia kwa bei ya juu ulipe kidogo kidogo, na ushirika wa kupungua, yaani mnamiliki pamoja na unanunua sehemu yake polepole, zinakubalika kisheria. Hukumu ya kwamba ni halali kiasi gani siyo yangu, muulizeni sheikh mkiwa na mkataba mkononi. Msaada wa pesa ya mwanzo wa jimbo mara nyingine haukubali kuunganishwa na mikataba hiyo, muulize kabla.

Swali la mwisho lilitoka kwa kijana aliyekaa nyuma, anasema yeye anasubiri Kongresi warudishe krediti kama ya 2009, je asubiri? Nilimuuliza renti yako ngapi, akasema 1,450. Kwa mwaka hiyo ni 17,400. Nikamwambia tangu ile ikwishe 2010 kuna watu wamesubiri mpaka watoto wao wamemaliza shule. Aliuliza tena, sasa nianze na nini, nikamwambia taarifa za benki za miezi miwili, kodi za miaka miwili, pesilipu za siku 30, na grini kadi yako. Jumanne saa kumi na mbili jioni nitakuwa palepale ukumbini na yeye atakuja nazo, na mshauri mmoja wa HUD amekubali kukaa nasi mpaka saa mbili, wenye mikataba ya msaada mliyoisaini zamani na hamjui imeandika nini njooni nayo pia, hata kama ni ya miaka kumi.